Kambi ya Vinyata

Usiku ule tulipiga hema kando ya kijito, kaskazini ya mji wa Singida. Kijito jina tu, bwana. Mchanga mtupu kati ya majabali, na maji ya ugali tuliyachimba kwa sufuria. Wenzangu wakalala. Mimi nikabaki macho, namfikiria Stanley.

Januari 1875 naye alipiga kambi katika nchi hii ya Wanyaturu, mahali alipopaita Vinyata. Alikuwa ametoka Bagamoyo Novemba 1874. Njiani kijana wake Mwingereza, Edward Pocock, alishakufa kwa homa. Kisha Kaif Halleck, yule aliyempelekea Livingstone barua mwaka 1871, akabaki nyuma mgonjwa, akauawa. Vita ikazuka, siku tatu, mishale kwa bunduki. Vijiji vikachomwa, nafaka na ng'ombe vikachukuliwa.

Haya tunayo kwa sababu Stanley aliyaandika, kitabu kikatoka 1878. Waliochomewa nyumba hawakuandika. Siku moja nilimwuliza marehemu bibi, Mnyaturu halisi. Akacheka.

“Wageni wenye bunduki walipita wengi, mjukuu wangu. Wewe unamtaka yupi?”

Sikuwa na jibu. Na huyo mwandishi wetu, eti kijito cha pale alikiita chanzo cha Nile! Kumbe maji ya upande ule huteremkia bonde la Wembere na ziwa Eyasi, yakaishia kwenye magadi.

Alfajiri tulikunja hema. Shimo letu la maji lilikuwa limeshazungukwa na kwato za mbuzi.