Sekunde 12 za City Island: 911 na safari ndefu ya kumjua mpiga simu alipo

Juni 2026 inatimia miaka 30 tangu Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iziamuru kampuni za simu za mkononi zihakikishe kwamba mtu akipiga 911, kituo cha dharura kinajua yuko wapi. Amri hiyo ilidai kurudishwa kwa kitu ambacho Wamarekani walikuwa nacho tayari.

Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Haleyville, Alabama, Februari 16, 1968. Miaka minane baadaye Chicago ilikuwa na mtambo uliomwonyesha mpokea simu anwani ya anayepiga. Kazi hiyo ilifanywa na waya: kila simu ya mezani ilikuwa na nyumba yake, na kampuni ya simu ilikuwa na orodha ya nyumba hizo. Hata mgonjwa aliyeshindwa kutamka neno alifuatwa hadi mlangoni.

Simu ya mkononi haikuwa na nyumba. FCC ikapanga hatua mbili: kwanza kituo kionyeshwe mnara uliopokea simu, kisha, ifikapo Oktoba 2001, mahali penyewe alipo mpigaji. Hatua ya pili ndiyo yenye maana, kwa sababu mnara mmoja wa vijijini unaweza kuhudumia eneo la kilomita nyingi. Mwaka 1999 viwango vikarekebishwa: kampuni zitakazotegemea GPS ndani ya simu zilenge mita 50, na zitakazopima mawimbi kwa kutumia minara zilenge mita 100, kwa asilimia 67 ya simu zinazopigwa. Tarehe ikafika, kampuni zikaomba muda zaidi. Vituo vingi navyo, vikiwa chini ya wilaya na miji midogo, havikuwa na fedha za mitambo ya kupokea taarifa hizo.

Gharama ya kuchelewa huko ilionekana Ijumaa usiku, Januari 24, 2003. Vijana wanne waliondoka City Island, New York, kwa kiboti kidogo cha makasia chenye urefu wa futi nane hivi, katika baridi kali ya Long Island Sound. Maji yakaanza kuingia. Mmoja wao akapiga 911 kwa simu ya mkononi, akaeleza kwamba wako kwenye boti na inazama. Baada ya sekunde kama 12 simu ikakatika.

Mpokea simu akamuuliza msimamizi wake la kufanya. Wakaona maelezo hayatoshi, na taarifa haikupelekwa kwa kikosi cha majini. Msako ulianza baada ya wazazi kuripoti kwamba watoto hawajarudi, na miili ikapatikana baadaye sana. Lawama nyingi zilimwangukia mpokea simu na msimamizi wake, na ni kweli kwamba utaratibu ulikiukwa. Lakini waliokuwa mezani usiku ule walikuwa na sauti tu. Jiji tajiri kuliko yote Marekani, karibu miaka saba baada ya amri ya FCC, lilikuwa halijaweza kuona simu ya mkononi inapigwa kutoka wapi. Kuwabebesha wafanyakazi wawili mzigo wote huo ni kuwaonea.

Baada ya msiba huo na kelele za wabunge wa New York, Bunge la Marekani likapitisha sheria mwishoni mwa 2004, iliyoruhusu ruzuku ya hadi dola milioni 250 kwa mwaka. Ahadi ilikuwa nono, fedha zikawa haba: mwaka 2009 ziligawanywa dola milioni 40 na ushei tu. Wakati huohuo baadhi ya majimbo yalikuwa yakichota tozo ya 911 inayokatwa kwenye bili za wananchi na kuipeleka kwenye matumizi mengine. New York yenyewe imetajwa mara kwa mara katika ripoti za FCC kwa kosa hilo. Ni aibu isiyo na utetezi.

Suluhisho rahisi lilitoka Uingereza. Mwaka 2014 kampuni za simu BT na EE pamoja na HTC, mtengenezaji wa simu, zilifanyia kazi mfumo wa AML: mtu akipiga 999, namba ya dharura ya huko, simu yake inawasha GPS na Wi-Fi yenyewe, inajipima mahali ilipo, kisha inatuma ujumbe mfupi kituoni, bure, bila mpigaji kubofya chochote. Google ikauingiza kwenye Android mwaka 2016, Apple ikafuata 2018, na tangu Machi 2022 Umoja wa Ulaya unataka kila simu janja mpya inayouzwa huko iwe na uwezo wa kutuma mahali ilipo.

Simu za Android na iPhone zinauzwa pia Kariakoo na Nairobi, uwezo ukiwa ndani yake, ila huduma huwashwa nchi moja moja, baada ya mamlaka kuandaa kituo cha kupokea taarifa. Tanzania ina pa kuanzia. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilizipa nyumba namba na mitaa majina, na mwaka huohuo m-mama, inayopokea simu za dharura za wajawazito na watoto wachanga kupitia 115, ilizinduliwa kitaifa. Wanaopanga madereva wa m-mama wanastahili kuona kwenye kioo mahali mama alipo.