Kitabu Barabarani: Safari za Ngugi wa Thiong'o na Swali la Msomaji wa Goma

Katika mji wa Goma, Kiswahili ndiyo lugha ya soko la Virunga, ya mitaa ya Birere, ya ibada na ya redio. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Hata hivyo lugha rasmi ni Kifaransa, na kitabu anachokishika mwanafunzi kwa kawaida ni cha Kifaransa. Hapo ndipo linapozuka swali: mwandishi anayeandika kwa lugha ya nyumbani atawafikiaje watu wa nyumbani? Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kufuatilia mfano wa Ngugi wa Thiong'o (1938–2025) wa Kenya, ambaye uhamisho wake ulianza katika safari ya kuzindua kitabu na ukamalizika katika safari nyingine ya namna hiyo hiyo.

Ngugi aliandika kwa Kiingereza hadi mwaka 1977. Mwaka huo yeye na Ngugi wa Mirii walitunga tamthilia ya Ngaahika Ndeenda pamoja na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru. Serikali iliipiga marufuku, na tarehe 31 Desemba Ngugi alikamatwa akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Katika gereza la Kamiti aliandika riwaya ya Caitaani Mutharaba-ini kwa Kigikuyu, juu ya karatasi za chooni. Ilipochapishwa mwaka 1980, maduka ya vitabu yalikuwa yamezoea kuhudumia miji na shule. Haikuwapo njia iliyokwisha andaliwa ya kumfikia mkulima. Wasomaji wenyewe ndio walioifungua njia hiyo. Riwaya ilisomwa kwa sauti majumbani, katika matatu na katika vilabu vya pombe, ambako msomaji aliweza kunyamaza mahali patamu hadi wasikilizaji wamjazie bilauri. Mwaka 1982 ilitoka pia kwa Kiswahili, kwa jina la Shetani Msalabani.

Mwaka huo huo Ngugi alikwenda London kuizindua tafsiri ya Kiingereza ya riwaya hiyo. Akiwa huko alipata habari kwamba akirudi atakamatwa, naye hakurudi. Safari iliyokusudiwa kuwa ya siku chache ikawa uhamisho wa miaka 22.

Mwandishi alizuiwa, lakini kitabu kiliendelea kusafiri. Mwaka 1986 ilichapishwa nchini Kenya riwaya yake ya Matigari. Wakulima waliizungumzia sana habari ya mtu aitwaye Matigari, azungukaye nchini akiulizia ukweli na haki, hata wakuu wa usalama wakadhani ni mtu halisi na amri ya kumkamata ikatolewa. Walipotambua kwamba ni mhusika wa kubuni, polisi walizikamata nakala madukani mwezi wa Februari 1987. Tukio hili, ingawa linachekesha, ni ushahidi mzito: watawala walikwisha tambua kwamba hadithi iliyo katika lugha ya nyumbani haihitaji ruhusa ya mtu ili itembee.

Utawala wa KANU uliposhindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002, njia ya kurudi ilifunguka. Ngugi aliwasili Nairobi tarehe 31 Julai 2004 pamoja na mkewe, Njeeri, akiwa na sehemu ya kwanza ya Murogi wa Kagogo. Hiyo ni riwaya ya miujiza: mtawala wa nchi ya kubuni ya Aburiria anataka kujenga mnara wa kufika mbinguni kwa mkopo wa benki ya kimataifa, mwili wake unavimba hadi anaelea hewani, na kijana asiye na kazi anajifanya mchawi ili kuwakwepa polisi. Nchi iliyompa mwandishi mambo hayo ndiyo aliyoijia kuyasimulia.

Usiku wa tarehe 11 Agosti watu wenye silaha walivamia nyumba walimofikia. Ngugi alipigwa na kuchomwa kwa sigara. Njeeri alinajisiwa, na baadaye akalisema jambo hilo hadharani bila kuficha uso. Mahakama iliwatia hatiani watu watatu mwaka 2006. Ngugi alishikilia kwamba haukuwa wizi wa kawaida. Vyovyote iwavyo, tukio hilo linaonyesha kwamba kuondoka kwa utawala hakutoshi kuifanya njia ya nyumbani iwe salama. Hata hivyo alirudi tena. Mwaka 2015 alipokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta.

Kwa Goma historia hii ina uzito wa pekee. Barabara zitokazo mjini kuelekea Rutshuru na Masisi zimefungwa na vita mara nyingi, na mwezi wa Januari 2025 mji wenyewe uliingia mikononi mwa M23. Mwandishi wa Kivu hawezi kuahidiwa safari salama. Lakini mfano wa Caitaani unaonyesha kwamba barabara ya kitabu haianzii kwa mchapishaji wala haikomei dukani: huanzia pale mtu mmoja asomapo kwa sauti, na wengine wakaelewa bila mkalimani. Wasikilizaji wa namna hiyo Goma wapo tayari. Kinachosubiriwa ni vitabu vya kuwasomea.