Waraka wa Kazini na Lugha Yake: Dar es Salaam na Nairobi tangu 1963

Utangulizi

Historia ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majina ya wakuu wake, majengo yake na mitaala yake. Ni nadra kuandikwa kwa kufuata karatasi zilizobandikwa ubaoni, nyaraka zilizopelekwa idarani na tarishi, na kumbukumbu za mikutano zilizohifadhiwa masijalani. Hata hivyo, ni kwa karatasi hizo kwamba mfanyakazi wa chuo hupata kujua mambo yanayomhusu: likizo, mshahara, nyumba, kupandishwa cheo na kustaafu. Mwalimu anazihitaji, na vivyo hivyo karani, mpishi, dereva na mfagiaji. Tofauti ni kwamba baadhi yao huzisoma wenyewe, na wengine hungoja kusomewa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza lugha ya taarifa hizo katika vyuo viwili, cha Dar es Salaam na cha Nairobi. Hoja yake ni kwamba nyaraka mbili za kazini, moja iliyotoka serikalini mwaka 1967 na nyingine iliyoandikwa chuoni mwaka 1968, ziliamua mengi kuhusu hadhi ya lugha za Kiafrika katika elimu ya juu. Na kwamba kila moja ilitimiza nusu tu ya kazi. Upande wa Dar es Salaam lugha ya ofisi ilibadilika na lugha ya darasa ikabaki kama ilivyokuwa. Upande wa Nairobi somo lenyewe lilibadilika na lugha ya ofisi ikabaki.

Kiswahili cha Ofisi kabla ya Chuo Kikuu

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Kiswahili hakikuwa kigeni katika kazi ya ofisi. Watu wa mwambao walikuwa wakiandikiana barua na hati za mauzo, za madeni na za wosia kwa hati za Kiarabu kabla ya utawala wa kikoloni, na baadhi ya maandishi hayo yalikusanywa na C. G. Büttner na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1892. Wajerumani walipotawala Tanganyika waliwasiliana na maakida na majumbe kwa Kiswahili, na tangu mwaka 1904 gazeti la Kiongozi lilichapishwa Tanga. Waingereza nao walianzisha Mambo Leo mwaka 1923. Msamiati wenyewe unashuhudia ukale wa desturi hiyo. Waraka ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya karatasi, na masijala inatokana na neno la Kiarabu la daftari la kumbukumbu. Karani na tarishi walikuwa wakijulikana kwa majina hayo kabla ya kujengwa chuo kikuu chochote katika eneo hili.

Chuo kikuu, kwa upande wake, kilikuja na lugha nyingine. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Nairobi ilifungua chuo chake cha ufundi mwaka 1956. Dar es Salaam ilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka 1963 vyuo hivyo vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu hadi mwaka 1970.

Sababu za chuo hicho kuendeshwa kwa Kiingereza ni dhahiri. Walimu wengi walitoka ng'ambo. Shahada zilipimwa kwa kipimo cha London. Tena nchi tatu zilizounganishwa hazikuwa na msimamo mmoja kuhusu Kiswahili, na Uganda ndiyo iliyokuwa mbali nacho kuliko zote. Matokeo yake Dar es Salaam na Nairobi yalikuwa mgawanyiko wa lugha uliofuata mgawanyiko wa kazi. Kiingereza kilikuwa cha karatasi, na Kiswahili kikawa cha mdomo. Mpishi alipewa amri kwa lugha aliyoielewa, lakini masharti ya kazi yake yaliandikwa kwa lugha ambayo huenda hakuielewa. Amri ya mdomo haina nakala; likitokea shauri, aliye na karatasi ndiye mwenye hoja. Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo.

Dar es Salaam: Lugha ya Ofisi

Mwezi Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais wa Tanzania, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata Azimio la Arusha lilitangazwa kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Chuo cha Mlimani kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kwa hiyo agizo hilo halikukigeuza kwa siku moja. Lakini kilipopata kuwa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970, kilizaliwa katika nchi ambayo ofisi zake zilikuwa zimekwisha kuanza kuandika kwa Kiswahili.

Agizo peke yake lisingetosha. Lilihitaji watu na maneno. Kwa upande wa watu, Chuo cha Uhazili Tabora kiliwafundisha wahazili kupiga chapa na kuandika hatimkato kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hadi baada ya miongo mingi, matangazo ya kazi serikalini yaliendelea kumtaka mhazili aliyefaulu hatimkato ya lugha zote mbili kwa kasi iliyowekwa ya maneno kwa dakika. Kwa upande wa maneno, Baraza la Kiswahili lilitoa orodha za tafsiri sanifu katika miaka ya 1970, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyokuwa hapohapo Mlimani, ilikamilisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mambo haya hayasifiwi sana katika historia ya lugha, lakini bila mpiga chapa anayejua kuandika barua ya Kiswahili, sera nzima ingebaki hotuba.

Faida yake kwa mfanyakazi ilionekana mapema. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulielekeza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata TANU ilitoa Mwongozo, ambao katika ibara yake ya 15 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau, ubadhirifu na uonevu. Kati ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda na mashirika kadhaa waligoma au waliwakataa wakuu wao, huku wakiitaja ibara hiyo kwa namba yake. Serikali haikuipokea migomo hiyo kwa furaha, na mengi ya madai hayo yalizimwa. Hata hivyo, jambo moja lilithibitika: mfanyakazi aliyeweza kuusoma waraka mwenyewe aliweza pia kuunukulu mbele ya aliyeutoa. Ni vigumu kufikiri kwamba ibara ya 15 ingepata nguvu hiyo kiwandani kama ingeandikwa kwa Kiingereza pekee.

Darasa, lakini, lilibaki nyuma. Mlimani, Idara ya Kiswahili ilifundisha kwa Kiswahili, na idara nyingine ziliendelea na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985, na hatimaye katika chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Hivyo mwalimu wa Mlimani aliweza kusoma tangazo la Kiswahili ubaoni, akaingia darasani na kufundisha kwa Kiingereza.

Nairobi: Lugha kama Somo

Nairobi hakukutoka agizo kama la Kawawa. Kilichotokea huko kilianza ndani ya taratibu za kawaida za chuo. Tarehe 20 Septemba 1968, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza, James Stewart, aliwasilisha mbele ya Bodi ya Kitivo cha Sanaa mapendekezo kuhusu maendeleo ya kitivo. Yaligusa nafasi ya lugha za kisasa, hasa Kifaransa; nafasi ya Idara ya Kiingereza; kuanzishwa kwa idara ya isimu na lugha; na nafasi ya lugha za Kiafrika, hasa Kiswahili. Kwa sura yake ilikuwa karatasi ya mkutano kama nyingine nyingi, za aina ambayo husomwa, hujadiliwa, kisha huingizwa katika jalada.

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliijibu karatasi hiyo kwa waraka wao. Walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake pawekwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Hoja yao haikuwa chuki dhidi ya fasihi ya Uingereza. Walihoji kwa nini utamaduni mmoja wa ng'ambo uwe kitovu cha masomo katika chuo cha Kiafrika, na Afrika iwe nyongeza. Walitaka Afrika iwe katikati, fasihi simulizi ipewe uzito, na Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha ambazo kila mwanafunzi angelazimika kujifunza.

Waraka huo ulizua mabishano makali, na matunda yake yalionekana. Katika miaka iliyofuata Idara ya Kiingereza ilitoa nafasi kwa Idara ya Fasihi, na lugha za Kiafrika zikapata makao yake katika idara ya isimu. Ngũgĩ, aliyejiuzulu mwaka 1969 kwa kutetea uhuru wa taaluma, alirudi mwaka 1971, na baadaye akaiongoza idara aliyosaidia kuizaa. Mwaka 1974 mkutano wa walimu uliofanyika Nairobi ulilichukua suala hilo hadi katika mitaala ya shule.

Hata hivyo, waraka huo uliandikwa kwa Kiingereza. Jambo hilo lisihesabiwe kuwa aibu ya waandishi. Bodi waliyoiandikia ilifanya kazi kwa Kiingereza. Kumbukumbu zake, ajenda zake na kanuni zake zote zilikuwa za Kiingereza, na karatasi ya lugha nyingine isingepata mahali pa kupokelewa. Lakini linaonyesha mpaka wa ushindi wao. Kiswahili kiliingia chuoni kama kitu cha kuchunguzwa na kutahiniwa. Hakikuingia kama chombo cha kuendeshea chuo. Mhitimu aliweza kuandika tasnifu nzima kwa Kiswahili kuhusu Kiswahili, kisha akaajiriwa hapohapo kwa barua ya Kiingereza.

Chuo hakikuwa peke yake katika hali hiyo. Mwezi Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Bunge la Kenya litumie Kiswahili. Wabunge wakajadili kwa Kiswahili miswada iliyoendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikaruhusiwa tena katika mijadala. Ulimi na karatasi vilikuwa vimetenganishwa bungeni kama vilivyokuwa vimetenganishwa chuoni.

Athari katika Istilahi

Njia hizi mbili ziliacha alama katika msamiati. Tanzania, kwa kuwa ofisi ililazimika kuandika, ililazimika pia kuchagua. Kiongozi wa juu kabisa wa chuo akaitwa Mkuu wa Chuo, na mtendaji wake Makamu Mkuu wa Chuo. Kenya, ambako majina hayo yaliandikwa zaidi na magazeti kuliko na vyuo vyenyewe, yalizoeleka Chansela na Naibu Chansela. Msomaji anayevuka mpaka anaweza kudhani kwamba anasoma juu ya vyeo tofauti.

Kitivo ni mfano wa aina nyingine. Kabla ya kuchukuliwa kutaja mgawanyo mkubwa wa masomo chuoni, neno hili lilikuwa na maana ya ardhi yenye rutuba. Lilipokewa pande zote mbili za mpaka, kwa sababu lilikuwa fupi, lilinyambulika, na lilikuwa na maana ya kupendeza. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Neno linalopigwa chapa kila wiki katika matangazo ya wafanyakazi huota mizizi upesi kuliko neno linalolala katika orodha ya istilahi.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, iliitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu hapo mfanyakazi wa taasisi ya umma ana msingi wa kisheria wa kutaka taarifa kwa lugha hiyo, na baadhi ya vyuo vimetoa mikataba ya huduma kwa Kiswahili na kuibandika ukutani. Hiyo ni hatua njema. Lakini mkataba wa huduma humweleza mgeni anayefika dirishani. Aliye ndani, ambaye ndiye anayetoa huduma hiyo, bado hupata habari za mshahara wake, pensheni yake na nidhamu yake kwa Kiingereza zaidi.

Historia iliyoelezwa hapa inafundisha mambo mawili. Kutoka Dar es Salaam tunajifunza kwamba lugha ya ofisi hubadilika pale agizo linapofuatwa na mhazili, kamusi na masijala. Na kwamba mabadiliko hayo humpa mfanyakazi wa chini karatasi anayoweza kuitetea haki yake kwayo. Kutoka Nairobi tunajifunza kwamba waraka wa ndani, ulioandikwa na walimu watatu wasio na mamlaka makubwa, waweza kugeuza mtaala wa chuo kizima. Kinachosubiriwa katika vyuo vyote viwili ni nusu iliyobaki. Kwa idara za lugha za Kiafrika kazi hiyo yaweza kuanzia karibu sana: kumbukumbu za mkutano wao ujao wa idara, na tangazo litakalobandikwa kesho yake, mahali ambapo mfagiaji wa ukumbi naye hupita na kusimama kusoma.