Mjomba wa Marekani akitaka kumuasili mtoto wa Lufingo: makaratasi na kodi zake

Wadau, leo tuongelee jambo linaloanzia kijijini na kuishia kwenye fomu za kodi ng'ambo. Mjomba aliyeko Marekani anataka kumuasili mtoto wa marehemu dada yake, aliyebaki Lufingo kwa bibi. Wewe ndiye unayejua kompyuta, basi maombi yote yanakuja kwako pale kafe Tukuyu: skani cheti, tuma hati, tafuta risiti. Ikikosekana karatasi moja mjomba anaweza kupoteza maelfu ya dola, na mtoto akakwama.

Kwanza, kulea na kuasili ni vitu viwili. Kwetu Rungwe mtoto wa ndugu ni wako, nani aende mahakamani kwa hilo? Lakini IRS, wale watoza kodi wa Marekani, wanataka hati. Mtu anayetuma hela za ada na sare kila mwezi hawezi kumwandika mtoto aliyeko Lufingo kama mtegemezi wake. Sheria yao inataka mtegemezi awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Canada au Mexico. Mwanya upo mmoja: raia wa Marekani aliyeasili kisheria na kuishi na mtoto nyumba moja mwaka mzima, hata kama nyumba yenyewe iko Bongo. Kwa hiyo akitokea mjanja anakusanya vyeti vya kuzaliwa vya watoto eti akawajaze kwenye kodi za watu huko halafu mgawane, mkimbieni.

Sasa upande wa nyumbani. Kuasili kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na maombi yanasikilizwa Mahakama Kuu. Kwa watu wa Rungwe iliyo karibu ni ya Mbeya mjini. Barua ya mwenyekiti wa kijiji au kikao cha ukoo, hata kiwe na mihuri mitano, si amri ya kuasili. Mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21, ingawa ndugu wa damu analegezewa umri.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Mjomba akishachukua uraia wa Marekani, mbele ya sheria ni mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa Lufingo. Na mgeni anatakiwa awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo, na amemlea mtoto huyo kwa angalau miezi 3 chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Kuja likizo ya Krismasi wiki mbili na kuondoka na mtoto, haipo hiyo.

Amri ikishatoka, mtoto anaingizwa kwenye rejista ya watoto walioasiliwa, inayotunzwa na RITA. Cheti cha kuzaliwa kisisubiri siku hiyo. Mkoa wa Mbeya ulianza mwaka 2013 kuwaandikisha bure watoto wa chini ya miaka 5, kwenye ofisi za kata na vituo vya afya.

Haya, kodi yenyewe. Marekani wana nafuu ya kodi kwa aliyeasili, ilianza kutumika mwaka 1997. Kwa mwaka wa kodi 2025 kiwango cha juu ni dola 17,280 kwa mtoto mmoja, na inajazwa kwenye Fomu 8839. Si zawadi: inafuta kodi unayodaiwa, kwa kiasi cha gharama ulizolipa kweli. Zamani mwenye kodi ndogo alikuwa anabaki anaangalia tu (isipokuwa 2010 na 2011), lakini kuanzia 2025 hadi dola 5,000 anaweza kupewa mkononi hata kama hadaiwi kodi. Kinachobaki anakisogeza mbele hadi miaka 5. Wenye mishahara minono sana hawapati.

Gharama zinazokubalika ni kama wakili, ada za mahakama, nauli, chakula na malazi ya safari hiyo. Kitu kidogo ulichompa karani hakina risiti, kwa hiyo sahau.

Kuna tofauti kubwa kwa mtoto wa kutoka nje ya Marekani. Nafuu haidaiwi mpaka mwaka ambao kuasili kumekamilika. Umelipa wakili 2023 na 2024, amri ikatoka 2025? Zote unazidai kwenye kodi ya 2025. Na mpango ukivunjika njiani, hupati hata senti. Pia mtoto lazima awe na namba ya utambulisho kwenye fomu, ya Social Security au ile ya ITIN.

Na huku kwetu? Hakuna punguzo la mtoto, wa kuzaa wala wa kuasili. Mshahara hadi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato, ukizidi hapo mwenye mtoto mmoja na mwenye saba wanakatwa sawasawa.

Kwa hiyo ukitumwa kuskani, anza na amri ya mahakama kurasa zote, mihuri ionekane, kisha cheti cha RITA, halafu risiti kwa mpangilio wa tarehe. Originali zirudi kwa bibi, zisibaki kafe.