Usuluhishi Kabla ya Kituo

Wanafunzi wangu huanzia historia ya usuluhishi wa kimahakama mwaka 1994, pale ulipoingizwa katika kanuni za mashauri ya madai wakati wa Jaji Mkuu Francis Nyalali, ili kupunguza mlundikano. Wengine huanzia 2015, Mahakama Kuu ilipounda Kituo cha Usuluhishi jijini Dar es Salaam. Nadhani wamechelewa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwisha kuwapeleka wanandoa barazani kabla ya talaka; Mabaraza ya Kata yakafuata 1985.

Pale Kariakoo, anayetoa mzigo kwa mali kauli mara nyingi hana hati. Ana jirani wa duka aliyeshuhudia, na mdaiwa atakayehitaji mzigo tena. Kituo husuluhisha mashauri yaliyokwisha kufunguliwa mahakamani. Huyu hafiki huko, na deni lile pengine ndilo mtaji wake wote.