Malkia wa Chili na Mama Ntilie Wetu



Katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tuitazame sufuria. Sisemi ile ndogo ya nyumbani. Nasema ile sufuria kubwa ya shughuli, inayotelekwa juu ya mafiga matatu na kukorogwa kwa mwiko mrefu kama kafi, ili watu hamsini au mia wapate kula na kushiba. Historia tuliyosomeshwa darasani ilikuwa ya wafalme, vita na mikataba. Habari za waliowapikia askari, makuli na wajenzi wa reli hatukuzisoma. Hata hivyo, hakuna jeshi lililokwenda vitani na njaa likashinda, wala mji uliojengwa na watu wasiokula mchana.

Mfano wangu wa leo nimeutoa mbali, katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, nchini Marekani. Huko kuna chakula kiitwacho chili con carne, maneno ya Kihispania yenye maana ya pilipili pamoja na nyama. Ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo na kupikwa taratibu ndani ya mchuzi mzito wa pilipili nyekundu, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Wapo wanaochanganya na maharage, wapo wanaoyaweka pembeni. Mkazi wa Kariakoo akipewa bakuli la chakula hicho hatauliza maswali mengi. Huenda akaulizia wali tu.

Na kwa nini asishangae? Kwa sababu vilivyomo katika sufuria hiyo ni jamaa za vilivyomo katika sufuria zetu. Pilipili kali, maharage na nyanya asili yake ni bara la Amerika. Wenyeji wa huko walivilima maelfu ya miaka kabla ya Christopher Columbus kufika mwaka 1492. Ng'ombe hawakuwako, waliletwa na Wahispania kuanzia safari ya pili ya Columbus, mwaka 1493. Bizari nyembamba nayo ilitoka upande wetu huu wa dunia, kwenye nchi za Mashariki na pwani za Bahari ya Kati. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, babu zetu walikuwa wakila kunde, mtama na samaki, na pilipili waliyoijua ni ile ya Manga iliyokuja kwa majahazi. Maharage, mahindi, muhogo na pilipili kali vilifika baadaye, katika zama za Wareno. Kwa hiyo, tunapolisema bakuli la Texas hatusemi chakula cha kigeni kabisa. Ni ndugu wa maharage yetu, tofauti ni kwamba alilelewa nyumba nyingine.

Sasa tuwatazame wapishi. Mji wa San Antonio ulianzishwa na Wahispania mwaka 1718, ukawa chini ya Mexico, kisha Texas ikajitenga mwaka 1836 na kuingia katika Marekani mwaka 1845. Bendera zilibadilika, lakini wakazi wengi wenye asili ya Mexico walibaki pale pale, wengi wao wakiwa mafukara. Katikati ya mji palikuwa na uwanja wa wazi ulioitwa Plaza de Armas, yaani uwanja wa kijeshi. Mchana palikuwa soko la majani ya farasi, kuni na mboga. Jua likishatua na wenye mikokoteni wakishaondoka, waliingia wanawake.

Wanawake hao walikuwa wamepika tangu mchana majumbani mwao. Walikuja na masufuria, wakawasha moto, wakapanga meza ndefu na mabenchi, wakatundika taa. Kwa senti 10 za Marekani mtu alipata sahani ya chili, maharage na chapati nyembamba za mahindi. Wateja walikuwa wachunga ng'ombe, askari, wachukuzi, na matajiri waliotoka kwenye tamthilia usiku. Wote waliketi benchi moja. Reli ilipofika San Antonio mwaka 1877, wageni wakaongezeka, na sifa za akina mama wale zikaenea. Magazeti yakawapa jina la heshima: malkia wa chili.

Jina la malkia ni zuri, ndugu wasikilizaji, lakini malkia hawa hawakuwa na ufalme. Kiwanja hakikuwa chao. Halmashauri ya mji ilipoanza kujenga ofisi zake katikati ya uwanja ule mwaka 1889, malkia walihamishwa. Wakaenda uwanja mwingine, na baadaye mwingine tena. Popote walipohamia, wateja waliwafuata, kwa maana chakula kizuri hakihitaji mpiga debe.

Mwaka 1893 yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Columbus. Huko likawekwa banda la chili ya San Antonio, na watu wa kaskazini wakaionja. Kuanzia hapo wenye mitaji wakafumbua macho. Mhamiaji mmoja kutoka Ujerumani, William Gebhardt, aliyekuwa na mgahawa katika mji wa New Braunfels, karibu na San Antonio, alitengeneza unga wa pilipili uliokwisha changanywa na viungo, akautia chupani. Mwaka 1896 alisajili alama yake ya biashara. Baadaye makampuni yakaitia chili yenyewe ndani ya makopo na kuiuza nchi nzima. Simlaumu Gebhardt. Alikuwa mtu wa akili na bidii. Ninachosema ni kwamba ladha iliyolelewa na wanawake wa uwanjani ilipata alama ya biashara, lakini wanawake wenyewe hawakupata hata hati ya meza zao.

Hatimaye ikafika mwaka 1937. Idara ya afya ya mji ikaamuru kwamba wauzaji wa uwanjani watimize masharti yale yale ya usafi yanayoihusu mikahawa ya ndani. Mikahawa ilikuwa na kuta, mabomba na mabeseni ya kuoshea vyombo. Mwanamke wa uwanjani alikuwa na ndoo. Amri ile ikawa sawa na kumwambia asiye na viatu kwamba njia ni wazi kwa wote, mradi wavae viatu. Malkia wakatoweka. Mwaka 1939 meya Maury Maverick aliwarudisha wakauzie ndani ya mahema yenye nyavu, lakini haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 biashara ile ya zaidi ya nusu karne ilikuwa imekwisha.

Na baada ya wapishi kuondolewa, sifa za chakula zilikwenda wapi? Mwaka 1967, katika kijiji cha Terlingua, jangwani huko huko Texas, yalifanyika mashindano ya kupika chili. Washindani walikuwa wawili, wote wanaume: Wick Fowler na H. Allen Smith. Hawakupata mshindi. Mashindano hayo yamekuwa sherehe ya kila mwaka, na sharti mojawapo linakataza maharage kutiwa ndani ya sufuria. Mwaka 1977 Bunge la Texas likakitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo. Hivyo chakula kilichofukuzwa uwanjani kwa amri ya mji, miaka 40 baadaye kikatukuzwa kwa azimio la Bunge. Waliokipika walikuwa wameshatawanyika.

Hapa msikilizaji anaweza kuniuliza: Je, unataka kusema bwana afya hana kazi? Hapana. Sufuria kubwa ina hatari zake, na anayepikia umati anabeba roho za watu. Hebu tuipike hapa hapa, tuone.

Tuseme tuna watu 50. Tutahitaji kama kilo 4 za maharage makavu, kilo 7 za nyama, kilo 4 za nyanya na kilo 2 za vitunguu. Maharage yachaguliwe mawe, yalowekwe usiku kucha, na asubuhi maji yale yamwagwe. Kisha yatiwe maji mapya na yachemke kwa nguvu, walau dakika 10 za kutokota hasa. Maharage mekundu yana sumu ambayo moto wa kuvizia hauiondoi. Inataka mchemko wa kweli. Baada ya hapo moto upunguzwe mpaka yalainike. Nyanya zisitiwe mapema, maana ukali wake huyafanya maharage yakatae kuiva.

Nyama isiwe ya bei kubwa. Shingo, kifua na muundi ndizo zinazofaa, kwa kuwa mishipa yake migumu, ikipikwa polepole kwa saa mbili au tatu, huyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Hii ndiyo siri ya wapishi mafukara wa kila nchi: kile alichokidharau tajiri buchani hugeuka utamu kikipewa muda. Ikaangwe kidogo kidogo, kwani ikijazwa yote kwa mara moja hutoa maji ikachemka badala ya kukaangika. Pilipili nyekundu kavu, zile kubwa zisizo kali sana, zitolewe mbegu, zilowekwe katika maji ya moto na kusagwa. Bizari nyembamba ikaangwe bila mafuta hadi inukie, nayo itwangwe. Vitu hivi vyote, pamoja na vitunguu na saumu, vipikwe na nyama mpaka ilainike. Ndipo nyanya ziingie, na mwisho maharage yaliyokwisha iva, na sufuria ikae juu ya moto mdogo nusu saa nyingine.

Hatari kubwa iko kwenye kiporo. Sufuria ndogo hupoa upesi, lakini sufuria ya watu 50 ikiachwa hivyo hivyo, katikati yake hubaki vuguvugu usiku kucha. Viko vijidudu vinavyostahimili hata mchemko, na katika uvuguvugu huo huamka na kuzaana. Dawa yake ni kukigawa chakula katika vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe haraka, na kesho yake kukichemsha tena barabara. Aidha, mikono, sahani na vijiko vinataka maji safi na sabuni. Basi. Hakuna katika haya jambo ambalo mama wa uwanjani hawezi kulifanya, ilimradi ana maji, ana kivuli, na ana hakika kwamba kesho atakuwa mahali pale pale.

Sasa tugeuke nyumbani. Sisi tunao mama ntilie. Jina lenyewe ni sauti ya mteja mwenye njaa anayenyoosha sahani: mama, nitilie! Karibu kila jengo refu la Dar es Salaam limejengwa na watu waliokula maharage ya mama huyu. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wa kazi ndogo ndogo mijini walihesabiwa kama wazururaji. Kipindupindu kilipozuka mwaka 2015, uuzaji wa chakula kandokando ya barabara ulipigwa marufuku. Mwishoni mwa 2018 vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, mama lishe nao wakiwemo, wapate kufanya kazi bila bughudha. Mwaka 2021 likaja zoezi la kuwaondoa wafanyabiashara wadogo barabarani na kuwapeleka maeneo mengine. Leo wanaruhusiwa, kesho wanahamishwa, kama ilivyokuwa San Antonio.

Mimi nilikula kwa miaka kadhaa kwa mama mmoja nyuma ya jengo lililokuwa likijengwa. Maji aliyafuata mbali, ndoo kichwani, mara nne kwa siku. Siku moja niliona sufuria yake ikimwagwa mchangani mbele ya wateja wake, kwa kosa la uchafu wa mazingira. Maharage yale yalikuwa yametoka motoni yakitokota, na pengine ndiyo yaliyokuwa kitu safi kuliko vyote mahali pale. Katika miaka yote hiyo sikuona mtu yeyote akija kumpimia mama yule bomba.

Kipindupindu ni kweli, na kinaua. Lakini kipindupindu hakizaliwi na mama ntilie. Kinasafiri katika maji machafu na uchafu wa vyoo, na maji machafu hayaondoki kwa kumwaga mchuzi wa mtu. Anayemfukuza mpishi pasipo kuleta maji hajapunguza ugonjwa hata kidogo. Amempeleka mpishi uchochoroni, mahali ambapo bwana afya hatamwona kabisa, na fundi mjenzi atamfuata huko huko, kwa sababu njaa haisomi matangazo.

Ushauri wangu ni mwepesi. Kila mahali wanapokusanyika mama ntilie pawekwe bomba, sehemu ya kumwaga maji machafu, choo na paa. Wapewe mafunzo kuhusu kiporo na maharage kama tuliyoyaeleza hapa. Hayo yakishafanyika, bwana afya aje na daftari lake, na atakayekutwa mchafu aadhibiwe. Hiyo itakuwa haki. Kudai usafi wa hoteli kutoka kwa mtu uliyemnyima maji ni kumtegea.

San Antonio leo inajisifu kwa malkia wake wa chili. Wanasimuliwa kwa watalii, na picha zao zinahifadhiwa. Sisi tunayo bahati ambayo San Antonio iliipoteza: wetu bado wapo, na mchana huu wamepika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hadi juma lijalo, kwaherini.