Utani Uliopoteza Kazi

Mgeni anayeshuka Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, huenda akaitwa shemeji na mbadilisha fedha asiyemjua hata kwa sura, na akinuna ataambiwa ni utani tu. Wazee hulaumu malezi. Naona lawama hiyo imeelekezwa pasipostahili. Utani wa makabila haukuzaliwa na ukaribu. R. E. Moreau, aliyeandika kuhusu utani wa Tanganyika miaka ya 1940, alihusisha chanzo chake na vita vya karne ya 19, hasa vya Wangoni, na misafara ya biashara. Waliowahi kupigana walipeana ruhusa ya kutukanana, na pamoja na ruhusa hiyo wakapeana kazi: mtani alifika msibani, akamkejeli marehemu, akazuia maiti isitoke mpaka apewe chochote, kisha akashika jembe kuchimba kaburi. Haukuwa mchezo wa wapole. Mfiwa alivumilia maneno makali kwa sababu alijua nani angebeba machela. Ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba walikokwenda vibarua wa nyanda hizi, mwanaanthropolojia Clyde Mitchell alieleza mwaka 1956 jinsi Wabemba na Wangoni, mahasimu wa jana, walivyotaniana mjini kwa mtindo huohuo.

Mtu atasema Tunduma haikuhitaji mapatano hayo, maana Wanyamwanga wako pande zote mbili na ni Wajerumani na Waingereza waliowatenganisha kwa mkataba wa 1890. Ni kweli, ila undugu nao una mipaka yake: mkwe hataniwi, awe Momba upande wa Tanzania au Nakonde upande wa Zambia. Isitoshe, mji huu haukukuzwa na ndugu hao peke yao. Ulikuzwa na barabara kuu ya Zambia, na reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 iliyokamilika 1975, na malori yanayokwenda Lubumbashi. Dereva, kuli na dalali hukutana kwa siku mbili tatu kisha huachana. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe mwaka 2019, lengo ni siku hizo zipungue zaidi. Hakuna kati yao anayetarajia kumzika mwenzake. Kijana wa mpakani, basi, hakukosa adabu kuliko babu yake. Amerithi ruhusa bila wajibu, na mgeni ana haki ya kuikataa. Wajibu wenyewe haukufa: mijini sasa umeshikwa na vikundi vya kufa na kuzikana, vyenye daftari la michango na faini kwa asiyefika mazishini.